Muulize Daktari Amemkatalia Nani

Mgonjwa akikaa mbele yangu mara ya kwanza, namwomba simu aitie mkobani, kisha nampa kioo cha mkono. Ni kioo cha duara cha kawaida. Mpini wake ulivunjika zamani nikaufunga kwa plasta ya vidonda. Namwambia, "Nionyeshe kwa kidole kimoja kinachokusumbua." Halafu nanyamaza.

Wapo ambao kidole kinakwenda moja kwa moja. Kinatua juu ya nundu ya pua, au kwenye kovu la moto chini ya sikio, na hapo hapo kinabaki. Wapo ambao kidole kinaanzia puani, kinashuka mdomoni, kinapanda shavuni, kinazunguka kidevu, na muda wote huo macho hayabanduki kiooni. Nimeshika kisu zaidi ya miaka ishirini na bado safari hiyo ya kidole inanieleza mengi kuliko karatasi za maabara.

Haya nayaandika kwa mtu anayefikiria upasuaji wa urembo na hajui aanzie wapi. Sikushawishi ufanye, wala sikukatazi. Kazi hii inanilisha, kwa hiyo nikijifanya naichukia utanicheka. Ninachotaka ni kwamba ukiingia chumbani kwa daktari, yeyote yule, wewe ndiye uwe unamfanyia usaili.

Kabla ya kuweka miadi

Chukua karatasi uandike sentensi moja. "Nataka kupendeza" haitoshi. Sina kisu cha kupendezesha. "Nundu hii ya pua, tangu nilipoanguka nikiwa na miaka 16, siipendi nikijiona kwa upande." Hiyo ina pa kuanzia na pa kuishia, naweza kuipima. Chini yake andika ilianza lini kukukera, na ni nani mwingine aliyewahi kuitaja bila wewe kumuuliza. Jina la mchumba likijitokeza hapo, tegemea daktari mwangalifu ataongeza maswali. Nimewahi kumtoa nje mume mmoja aliyekuwa akimjibia mkewe kila kitu. Mlango ulipofungwa yule mama alishusha pumzi, akasema, "Dokta, mimi tumbo langu sioni kama lina tatizo." Tukaongea dakika kumi mambo mengine kabisa, akaenda zake na tumbo lake.

Pili, usiiamini kamera ya mbele ya simu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yake: picha ikipigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu, upotoshaji huo unakwisha. Nimeshapokea watu wanaotaka kupunguziwa pua ambayo ipo kwenye selfi tu. Mwombe mtu asimame mbali nawe hatua mbili kubwa, mchana, karibu na dirisha, akupige picha tatu: uso mbele, upande wa kushoto, upande wa kulia. Bila filta, bila vipodozi. Hizo ndizo za kumletea daktari.

Zamani walikuwa wakileta picha ya mwigizaji. Siku hizi wanaleta picha zao wenyewe zilizopitishwa kwenye filta, ngozi imekuwa kama sahani ya kaure na macho yametanuliwa. Mwigizaji alikuwa rahisi zaidi kumzungumzia. Naye ana vinyweleo na mifupa, na mgonjwa alijua kabisa kwamba yeye si yule. Anayeleta uso wake mwenyewe uliochorwa na programu anaamini kwamba mimi nina deni lake.

Kama umefiwa, umeachika au umefukuzwa kazi juzi juzi, subiri. Kwa tumbo na matiti kuna sababu ya ziada ya mwili wenyewe: uzito uwe umetulia kama miezi 6, na kama bado unategemea kuzaa, mimba inayofuata itayafumua yote niliyoshona.

Jipime nyumbani

Kabla hujanilipa ada ya kukuona, kuna vitu viwili unaweza kujipima mwenyewe.

Cha kwanza ni makovu. Tazama kovu la chanjo begani, matundu ya masikio, mahali ulipojikata utotoni. Kovu likiwa limelala bapa, vizuri. Likiwa limevimba na kutambaa nje ya mpaka wa jeraha lenyewe, hiyo ni keloidi, na wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi kuliko wengine. Masikio, kifua na mabega ndiyo makao yake makubwa. Mwenye tabia hiyo anayetaka kupunguziwa matiti bado anaweza kupasuliwa, hasa kama uzito unamuumiza mgongo, ila ajue anabadilisha tatizo moja kwa hatari ya lingine. Daktari ambaye hakuuliza habari za makovu yako, na wala hakuomba kuyaona, hajaanza kazi. Mimi huanza na hilo bega.

Cha pili ni tumbo. Simama, legeza mwili, bana nyama ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada. Ukipata pindo nene la kushika, hayo ni mafuta ya chini ya ngozi, na yanaweza kufyonzwa. Kama tumbo limetokeza kama ngoma lakini unachobana ni chembamba, mafuta yako yako ndani, yamezunguka utumbo, na hakuna mrija wa daktari wa urembo unaofika huko. Kama una ngozi inayoning'inia, kufyonza mafuta kutaifanya ining'inie zaidi. Na kama ulishazaa, lala chali, inua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati juu ya kitovu: ukisikia vinazama kwenye bonde, misuli imeachana, na tiba yake ni mazoezi maalumu au kushonwa. Watu wengi wanaokuja kuomba "kufyonzwa" walihitaji jambo jingine, na wapo waliofyonzwa hivyo hivyo kwa sababu ndicho walichoomba na ndicho kilichokuwa kwenye tangazo.

Kufyonza mafuta, nikiwa nimekwishaigusa, si njia ya kupunguza uzito. Jumla ya kinachotolewa ikizidi lita 5 madaktari wanaihesabu kuwa kazi kubwa, inayohitaji mgonjwa alale hospitali akiangaliwa. Anayekuahidi lita kumi na urudi nyumbani jioni, mshukuru uondoke.

Kwenye kiti

Maswali ya kawaida yaulize haraka na uandike majibu. Ulisomea wapi ubingwa, na ubingwa wa nini hasa? Katika nchi nyingi sheria haimzuii daktari yeyote mwenye leseni kujiita wa urembo. Mafunzo ya ubingwa wa upasuaji rekebishi ni miaka mingine mitano au sita baada ya shahada ya udaktari, na jina lake lipo au halipo kwenye rejista ya baraza la madaktari la nchi yake. Angalia mwenyewe. Unafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi? Nani ananilaza usingizi, na atakuwepo mwanzo hadi mwisho? Nikipata shida usiku nalazwa wapi, na wewe unaruhusiwa kufanya kazi hospitali hiyo? Swali hili la mwisho watu hawaliulizi, nalo ni zuri sana. Hospitali kubwa ikiwa imemkubali daktari, kuna watu wengine waliokagua vyeti vyake kabla yako.

Mwombe picha za wagonjwa wa ngozi na umri kama wako, mwaka mmoja baada ya upasuaji. Wiki ya tatu pua imevimba na kila kitu kinaonekana laini. Umbo halisi la pua huja kwenye mwezi wa kumi na mbili. Zitazame kama mpelelezi. Picha ya kwanza mtu ameinamisha kidevu, taa inatoka juu, amenuna. Ya pili ameinua shingo, taa inatoka mbele, ana wanja. Shingo hiyo haikupasuliwa. Mwombe pia picha ya kazi isiyomridhisha. Daktari ambaye hana hata moja ama ameanza jana, ama anakuficha.

Halafu uliza hili: "Daktari, mgonjwa wa mwisho uliyemkatalia alitaka nini, na ulimkatalia kwa nini?"

Sikiliza atakavyojibu. Anayekataa watu ana jibu mdomoni, kwa sababu kukataa kunauma na hakusahauliki: unapoteza malipo, mgonjwa anakasirika, anakusema vibaya mtandaoni. Atakwambia bila kutaja jina: alikuwa anataka kipandikizi kikubwa kuliko kifua chake kinavyoweza kubeba, au alikuwa na miaka 17, au alikuwa anavuta sigara na hakutaka kuacha. Anayepepesa macho na kusema "kila mtu ana haki ya kuchagua" amekujibu pia.

Nami nina wangu niliyepaswa kumkatalia. Ilikuwa mwaka wa nne tangu nifuzu ubingwa. Alikuja binti mmoja mpole, mwenye adabu zote, na kidole chake kilitembea. Nilikiona kikitembea. Lakini pua ilikuwa na kasoro ndogo ya kweli, binti alikuwa na pesa, na mimi nilikuwa na kliniki mpya inayodaiwa kodi. Nikampasua. Pua ilitoka vizuri. Hata leo nikizitazama picha zile sioni cha kusahihisha. Mwezi wa saba akarudi. Hakuitaja pua hata kidogo. Alitaka kidevu. Hapo ndipo nikakataa, nimechelewa, naye akaenda kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Miaka ilipita tukakutana kwenye foleni mahali, akanisalimia, "Shikamoo Dokta." Nilimtambua kwa sauti.

Kuna ugonjwa wa akili ambao mtu anaona kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu au wanaona kitu kidogo tu. Anakaa mbele ya kioo saa nzima, au amefunika vioo vyote nyumbani. Anakwepa watu, anajilinganisha, anachokonoa ngozi. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 50 anao, na katika vyumba vyetu vya kusubiri wamo wengi zaidi ya hapo. Tiba ya mazungumzo na dawa inawasaidia wengi wao. Kisu kwa kawaida kinauhamisha ugonjwa, kutoka puani kwenda kidevuni. Kwa hiyo daktari akikuuliza unatumia muda gani kwa siku kufikiria jambo hili, au akikushauri umwone mtaalamu wa afya ya akili, hajakutukana. Ameacha pesa mezani kwa ajili yako.

Mitindo ya msimu

Nilipokuwa mwanafunzi, waalimu wetu walikuwa wakirekebisha pua zilizochongwa miongo iliyotangulia, zile zilizobonyea kama kijiko kwa sababu gegedu lilipunguzwa kupita kiasi. Kuirudisha pua ya namna hiyo mara nyingi unakata gegedu la ubavu, unalichonga vipande, unavijenga kimoja kimoja. Ni saa nyingi mezani kwa ajili ya mtindo uliopendwa miaka michache. Miaka ya 2022 na 2023 ikaja kutoa mafuta ya ndani ya mashavu ili uso uonekane umechongeka. Msichana wa miaka 23 anafurahi. Ila uso wenyewe unapoteza mafuta kadiri umri unavyokwenda, na akifika 45 atakuja kuomba nimjaze mahali pale pale. Mafuta yale hayaoti tena. Mtu wa chini ya miaka 30 mwenye uso mwembamba simfanyii, na hiyo ni sheria yangu tu, hakuna aliyeniwekea.

Kwenye kuongeza makalio nataka tukae kidogo, maana hapo watu wamekufa.

Upasuaji wenyewe unaelezwa kirahisi: mafuta yanafyonzwa tumboni na kiunoni, yanachujwa, yanarudishwa makalioni kwa mrija wa chuma. Shida iko kwenye kina. Juu kuna ngozi, chini yake tabaka la mafuta, chini ya mafuta kuna msuli mkubwa, na ndani na chini ya msuli huo kuna vena nene zinazorudisha damu moyoni kwa njia fupi. Ncha ya mrija ikichana vena hizo, mafuta yanasukumwa ndani, yanafika moyoni na kwenye mapafu, na mgonjwa anaweza kufia mezani kabla hujajua nini kimetokea. Unakwenda bila kuona, unategemea mkono. Mkono ukichoka kwenye mgonjwa wa tano, pembe ya mrija inashuka, na sentimita mbili zinatosha.

Mwaka 2017 na 2018 makadirio yalifika kifo 1 kwa kila wagonjwa 3,000 hivi, kiwango kikubwa mno kwa mtu aliyekuja akiwa mzima. Chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake mwaka 2018 wasiufanye kabisa. Mwaka 2022 kikalegeza kwa masharti: mafuta yawekwe juu ya msuli tu, na ultrasaundi itumike wakati huo huo wa kuweka. Mwaka huo huo jimbo la Florida, ambako vifo vilikuwa vimezidi, liliweka kikomo cha wagonjwa 3 kwa siku kwa daktari mmoja.

Kwa hiyo maswali yako ni haya. Mafuta unayaweka tabaka gani? Jibu linalokubalika ni moja: chini ya ngozi, juu ya msuli, kamwe si ndani yake. Unaona kwa ultrasaundi wakati unaweka? Mimi nitakuwa wa ngapi siku hiyo? Kisha ujue kwamba sehemu ya mafuta hayo hufa miezi ya mwanzo, na kwamba wiki mbili au zaidi utalala kifudifudi na kukwepa kukaa. Kama kazi yako ni ya kukaa, fikiria hilo kabla ya rangi ya suruali.

Anayekupa njia ya mkato ya sindano za silikoni ya majimaji, kimbia. Ile haina mfuko wala mpaka. Inasambaa, inagandamana, inaleta vidonda miaka mingi baadaye, na kuitoa yote haiwezekani. Nimejaribu. Unakata nyama iliyokuwa ngumu kama sabuni ya mche, na bado inabaki nyingine.

Fila, yaani sindano za kujaza midomo na mashavu, zina sifa ya kuwa jambo la wakati wa mapumziko ya mchana. Nyingi ni asidi ya hayaluroniki, na uzuri wake ni kwamba kuna kimeng'enya, hayaluronidesi, kinachoweza kuiyeyusha. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inapauka ghafla, kisha inakuwa na mabaka kama ramani, na inauma kuliko sindano inavyostahili kuuma. Mahali pabaya zaidi ni puani na kati ya nyusi, kwa sababu mishipa ya hapo inaungana na ya jicho, watu wamepofuka. Uliza kabla sindano haijafunguliwa: "Kimeng'enya cha kuyeyushia kipo humu ndani? Naomba nikione." Droo ifunguliwe, chupa ionekane, tarehe isomwe. Mtaalamu hatachukia. Na kama anayekuchoma amekuja na begi nyumbani kwa rafiki yako, hana droo.

Botoksi naipita upesi. Inalegeza msuli miezi mitatu au minne, Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na kosa lake kwa kawaida hujifuta lenyewe. Hakikisha tu chupa inafunguliwa mbele yako, maana za bandia zipo. England imepiga marufuku kuwachoma botoksi na fila za urembo walio chini ya miaka 18 tangu Oktoba 2021, na hapo sina la kuongeza ila kwamba walichelewa.

Vipandikizi vya matiti si vya maisha. Kadiri miaka inavyopita uwezekano wa kupasuka unaongezeka, kwa hiyo unayeweka ukiwa na miaka 28, hesabu upasuaji mwingine huko mbele. Daktari akupe kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kampuni ya Kifaransa ya PIP ilikuwa ikijaza silikoni ya viwandani, isiyo ya tiba, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Wanawake wengi duniani walijikuta wakitafuta kadi hiyo ambayo hawakuwahi kupewa.

Pesa na karatasi

Angalia unaitwa nani pale mapokezi. Ukiitwa mteja tangu mlangoni hadi mezani, jiulize. Mteja siku zote ana haki. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hapana. Punguzo linaloisha Ijumaa, "njoo na rafiki mlipe nusu", zawadi ya upasuaji kwa mshindi wa shindano: hizi ni mbinu za kuuza viatu. Ufaransa sheria inamlazimu mgonjwa apewe siku 15 za kutafakari kati ya kupewa gharama na kupasuliwa, na matangazo yenyewe yamekatazwa. Hata kama nchi yako haina sheria hiyo, jiwekee mwenyewe. Wiki mbili. Upasuaji wa urembo hauna dharura.

Fomu ya ridhaa isomwe na yule atakayekupasua, si katibu wake. Ndani yake lazima yatajwe matatizo yanayoweza kutokea: damu, usaha, mishono kuachia, ganzi isiyorudi, kovu, uwezekano wa kurudia, na nani atalipa kurudia huko. Ruhusa ya kutumia picha zako iwe karatasi ya peke yake, ambayo unaweza kukataa bila bei kubadilika. Siku hizi kuna madaktari wanaocheza muziki mbele ya kamera huku mgonjwa amelala tumbo wazi nyuma yao. Mimi huwa natazama mikono yao. Glavu iliyogusa simu imegusa nini baada ya hapo?

Siku yenyewe, na zile zinazofuata

Sigara, shisha na sigara ya umeme viachwe wiki 4 kabla na 4 baada, na hapa wagonjwa wananidanganya kuliko popote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Harold Gillies alikuwa akijenga upya nyuso za askari huko Sidcup, Uingereza, kwa kuhamisha ngozi ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu. Kanuni hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo ninapovuta ngozi ya tumbo kushuka chini: ngozi iliyonyanyuliwa inaishi kwa damu ya upande mmoja tu. Nikotini inaibana mishipa hiyo. Siku ya tatu pindo la ngozi linakuwa la zambarau, siku ya saba ni jeusi na linanuka, na badala ya mstari mwembamba una kidonda cha miezi mitatu. Ukiwa unatumia sindano za kupunguza uzito, mwambie daktari wa usingizi mapema, si asubuhi ya upasuaji; zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, na kilichomo kinaweza kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Asubuhi hiyo daktari akuchore kwa kalamu ukiwa umesimama na macho wazi, kwa sababu ukilala kila kitu kinahama. Mbele ya kioo, akuonyeshe kila mstari. Uliza kama wanatumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya vipengele 19 iliyotolewa mwaka 2008: jina la mgonjwa, mahali pa kukata, mzio, vifaa kuhesabiwa. Inachukua dakika mbili. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Siku ya tatu au ya nne utalia. Karibu kila mtu analia. Umevimba, una michubiko ya kijani, unaumwa, na unayemwona kiooni ni mbaya kuliko uliyemwacha. Hilo linapita, na usimpigie daktari wa pili siku hiyo kupanga marekebisho. Lakini yapo yasiyosubiri asubuhi: titi au upande mmoja kuvimba ghafla kuliko mwingine, homa na usaha, maumivu ya shavu la mguu mmoja, kukosa pumzi, maumivu ya kifua. Hayo mawili ya mwisho nenda hospitali iliyo karibu kwanza, simu baadaye. Kama umesafiri kwenda kupasuliwa, usipange ndege ya kurudi kabla ya siku 7 hadi 10 kwa upasuaji wa tumbo, kwa sababu ya damu kuganda miguuni, na upate kwa maandishi jina la daktari wa nyumbani kwenu aliyekubali kukupokea.

Namba ya dharura utakayopewa, ijaribu kabla hujalipa. Piga saa nne usiku, siku ya mapumziko, useme tu unataka kujua kama inafanya kazi. Ikipokewa na mtu anayejua jina la daktari wako na mahali alipo, endelea. Yangu hupokelewa na nesi mmoja mkali, au na mimi mwenyewe nikiwa na usingizi, na wanaopiga kujaribu siwakasirikii.